Sweta ya mtoto wa miaka miwili kwa sindano mbili, hata kama kila mstari unakatizwa

Sweta nyingi za watoto huanzwa kwa moyo mkunjufu na kuishia ndani ya mfuko juu ya kabati. Mara nyingi sababu ni mtindo uliochaguliwa: hauvumilii kukatizwa. Mtoto analia, sindano zinawekwa chini, na kesho yake mfumaji hajui alikuwa amefika wapi. Kwa hiyo, ukiwa na mtoto mdogo nyumbani, chagua kwanza mtindo unaokubali kuachwa. Uzuri wa mchoro uje baadaye.

Sweta hii ina vipande vinne: mgongo, kifua na mikono miwili. Haina mchoro wa kufuata wala umbo la kukata kwapani. Sweta zinazoanzia shingoni na kushuka kwa sindano za mviringo ni nzuri, lakini zinakutaka uongeze vitanzi sehemu nne kila mstari wa pili, na kazi yote inakaa kwenye sindano moja. Mtoto akiivuta, amevuta sweta nzima. Kwa vipande, akivuta mkono, kilichoharibika ni mkono huo tu.

Vipimo ni vya mtoto wa karibu miaka 2 mwenye kifua cha sm 53. Sweta ikikamilika ina mzunguko wa sm 62, kwa hiyo inapita juu ya fulana na shati, kama inavyotakiwa asubuhi za kipupwe Njombe, Makete au Limuru.

Uzi na sindano

Nunua gramu 250 za uzi wa akriliki wa unene wa kati, ule ulioandikwa DK kwenye karatasi yake. Sweta itakula kama gramu 180 hadi 200, na utakaobaki ni wa kurefushia mwakani. Nunua wote siku moja, na hakikisha namba ya loti ni ile ile kwenye kila donge. Nyekundu mbili za loti tofauti hufanana dukani, lakini juani utaona mahali hasa ulipobadilisha donge. Sufu halisi ina joto zaidi, ila ukiifua kwa maji moto na kuisugua hugandamana na kusinyaa, na hairudi tena. Nguo ya mtoto anayejimwagia uji kila asubuhi isiwe na masharti hayo.

Sindano ni jozi mbili: namba 10 (mm 3.25) kwa ribu, yaani ule ukingo unaovutika, na namba 8 (mm 4) kwa sehemu nyingine. Namba hizi ni za mfumo wa Uingereza, ambao namba ikipanda sindano inakonda. Mfumo wa Marekani ni kinyume, kwa hiyo ukinunua angalia milimita. Spoki za baiskeli, ambazo wengi wamejifunzia, zina unene wa karibu mm 2. Kwa uzi huu zitakupa kitambaa kigumu kama mkeka.

Ongeza sindano ya kushonea yenye jicho pana, sindano ya kroshia, futi ya fundi cherehani, kipande kirefu cha uzi laini wa pamba wa rangi tofauti, na vifungo 3 vya mm 12 hadi 15.

Kabla ya kuanza sweta, anzisha vitanzi 30 (yaani viweke kwenye sindano) kwa namba 8 na ufume mistari 36: mstari mmoja pleni (kitanzi kinachotokea kama herufi V), mmoja pali (kinachotokea kama kinundu). Kifue kipande hicho, kikauke, kisha hesabu katikati yake. Unataka vitanzi 22 na mistari 28 ndani ya sm 10. Ukipata 20, mkono wako umelegea na sweta itatoka na mzunguko wa sm 68. Hamia namba 9. Ukipata 24, umekaza, na itatoka sm 57. Hamia namba 7. Jioni moja ya kipande hiki inaokoa wiki tano za kufumua.

Mgongo, kisha mikono

Anza na mgongo, kwa sababu hauna kuongeza wala kupunguza. Kwa namba 10 anzisha vitanzi 70. Shika sindano mbili pamoja wakati wa kuanzisha, halafu chomoa moja. Ukingo ulioanzishwa kwa kukaza ndio unaobana tumbo na kukatika mapema. Fuma ribu ya pleni 2, pali 2, ukimalizia na pleni 2. Mstari wa kurudi uanze na pali 2. Ukifikisha sm 5, hamia namba 8 na uendelee mstari wa pleni, mstari wa pali, hadi urefu wote uwe sm 36. Funga alama ya uzi pembeni ukifika sm 22; hapo ndipo mkono utakapoanzia.

Kwenye sm 36, uso wa kazi (upande wa V) ukikutazama, funga vitanzi 22 vya bega la kulia, yaani uvitoe kwenye sindano kwa namna ambayo havitafumuka. Vinavyofuata 26 fuma na uvihifadhi kwenye uzi wa pamba. Vilivyobaki 22 ni bega la kushoto: vifumie ribu mistari 6 kisha funga. Kijukwaa hicho kidogo ndicho kitakachobeba vifungo.

Kila mkono: vitanzi 38 kwa namba 10, ribu sm 8. Ni ndefu makusudi. Utaikunja mara mbili ibaki sm 4, na mtoto akirefuka unaikunjua. Ribu ya 2 kwa 2 inafanana pande zote, ndiyo maana inafaa kukunjwa. Hamia namba 8 na uongeze kitanzi kimoja kila upande katika kila mstari wa nne, mara 12, hadi vitanzi 62. Fuma mistari 2 zaidi na ufunge vyote bila kukaza. Mkono ni kipande kidogo kinachoingia kwenye mkoba, kwa hiyo uweke kwa ajili ya foleni ya kliniki na safari za basi.

Kwa kuhesabu kuongeza, funga kiuzi cha rangi kwenye kila kitanzi ulichoongeza upande mmoja. Viuzi vikifika 12, umemaliza. Usihesabu kwa punje za maharage au shanga mezani. Mtoto wa umri huu huweka kila kitu mdomoni, na punje moja inatosha kumpalia.

Kifua

Hiki kinahitaji jioni ambayo mtoto amelala. Fuma kama mgongo hadi sm 30. Uso ukikutazama, fuma vitanzi 27, hifadhi 16 vya katikati kwenye uzi wa pamba, na 27 vya mwisho viache kwenye uzi mwingine visubiri.

Kumbuka: kifua ukikitazama kwa uso, bega la kushoto la mtoto liko kulia kwako. Kwa mgongo, liko kushoto kwako. Wengi hukosea hapa na kujikuta na vifungo bega moja na matundu bega jingine.

Kwa vitanzi 27 vya kwanza, punguza kimoja upande wa shingo kila mstari wa pili, mara 5, vibaki 22. Hili ni bega la vifungo, kwa hiyo ingia moja kwa moja kwenye ribu ya mistari 6. Katika mstari wa tatu wa ribu tengeneza matundu: vitanzi 6, zungusha uzi juu ya sindano na ufume viwili pamoja, vitanzi 6, tundu jingine, vitanzi 6. Funga. Upande wa pili punguza vivyo hivyo, fuma mistari 6 bila kubadili kitu, funga.

Bega linalofunguka ni la lazima. Kichwa cha mtoto wa miaka 2 kina mzunguko wa karibu sm 48, wakati shingo ya sweta hii ni kama sm 33. Sweta isiyofunguka itapita mara mbili tatu kwa vilio, kisha mtoto ataikataa akiiona tu.

Kuacha na kurudi

Mstari wa vitanzi 70 huchukua kama dakika 3 kwa mkono wa wastani. Nusu saa kila jioni ni mistari 10, kwa hiyo mgongo ni jioni 10 au 11, kifua vivyo hivyo, kila mkono jioni 5. Weka miezi miwili kwa jumla, kwa sababu zipo jioni ambazo hutashika sindano kabisa. Ukitaka sweta ya Juni, anza Machi.

Ukiweza, maliza mstari kabla ya kusimama. Usipoweza, acha tu, lakini ukirudi angalia kitu kimoja: uzi unaotoka kwenye donge unaning'inia wapi? Unatoka kwenye kitanzi cha mwisho ulichofuma, na sindano yenye kitanzi hicho inakaa mkono wa kulia. Ukizishika kinyume utarudi ulikotoka. Upande mmoja utakuwa na mistari miwili zaidi, na mahali ulipogeukia patabaki tundu dogo ambalo halifichiki kwa kushona.

Kila mistari 20, pitisha uzi laini wa pamba ndani ya vitanzi vyote kwa sindano ya kushonea, sindano ya kufumia ikiwa bado imo. Acha uzi huo ukae. Likitokea lolote, kufumuka kutaishia hapo.

Na litatokea. Mtoto akichomoa sindano, mtoe kwenye kazi kwa upole bila kuvuta kitambaa. Kilaze mezani. Vitanzi vya akriliki havikimbii mara moja. Vinakaa wazi kama visikio vidogo vilivyopangwa, kila kimoja na miguu miwili. Chukua sindano nyembamba, namba 12, uviingize kimoja kimoja ukianzia upande usio na uzi kuelekea kwenye uzi. Usihangaike kama kingine kimejisokota. Katika mstari unaofuata, tazama kila kitanzi: mguu wake wa kulia unatakiwa uwe mbele ya sindano. Uliokaa nyuma, ugeuze kabla ya kufuma. Kitanzi kilichoshuka mistari kadhaa kinapandishwa kwa kroshia, ukivuta ngazi moja baada ya nyingine. Kisha hesabu. Kama ni 70, endelea. Kama ni 71, huenda uzi ulipanda juu ya sindano ulipoacha katikati, na ukaufuma kama kitanzi.

Sindano zihifadhi na vizibo vya mpira kwenye ncha, juu mahali mkono wa mtoto haufiki. Mfuko wa kitambaa wenye kamba ya kufungia unafaa kuliko kapu lililo wazi.

Kuunganisha

Shona bega la kulia kwanza. Kisha kwa namba 10, uso ukikutazama, okota vitanzi vya ukosi kuanzia bega la vifungo la kifua: 14 kushuka ubavuni mwa shingo, 16 vilivyohifadhiwa, 14 kupanda, 26 vya mgongo, na 4 kwenye kijukwaa. Jumla 74. Fuma ribu mistari 6. Katika mstari wa nne, baada ya vitanzi 2 vya kwanza, au kabla ya 2 vya mwisho kama huo ndio upande wa kifua, weka tundu la tatu. Funga kwa sindano namba 8 ili ukosi uvutike.

Laza ribu ya kifua juu ya kijukwaa cha mgongo, uzishone pamoja ukingoni mwa mkono tu. Katikati ya mkono ikae juu ya bega, na ncha zake zifike kwenye alama za sm 22. Shona vitanzi 4 vya mkono kwa kila mistari 5 ya mwili. Ukishona kimoja kwa kimoja, bega litavimba. Baadaye shona ubavu na mkono kwa mshono mmoja unaopita kwapani. Kwenye ile ribu ya mkono, nusu ya chini shonea upande wa ndani, ili ukiikunja mshono usionekane.

Vifungo vishonwe kwa uzi wa cherehani ulioongezwa mara mbili, vipitishwe mara 6, kisha uvivute kwa nguvu ujaribu. Usiweke kamba za kufunga shingoni. Mtoto anayekimbia na kupanda vitu anaweza kunaswa nazo.

Fua kwa maji ya uvuguvugu na uianike ikiwa imelazwa juu ya taulo, ikining'inia hurefuka. Usiipige pasi ya moto. Akriliki ikiungua kidogo tu hulegea, inang'aa, na ribu haivutiki tena.

Kwa wengine nyumbani, pima sweta inayowakaa vizuri, zidisha upana wake kwa 2.2, kisha sogeza hadi namba inayogawanyika kwa 4 na kubakiza 2. Baba anayehitaji upana wa sm 55 anapata 121, kwa hiyo anza na 122, na uwe na uzi wa gramu 600.

Mwakani, mtoto akirefuka, kata uzi kwenye kitanzi kimoja cha mstari ulio juu ya ribu ya chini, uuvute mstari mzima utoke. Ribu itaanguka na vitanzi vitabaki wazi. Viokote kwa namba 8. Vikitoka 69, ongeza kimoja. Fuma kushuka sm 4 au 5, kisha ribu mpya, na ufunge bila kukaza. Mshono wa ubavu ufumue kidogo kabla ya kukata.