Somo: "Ingia Tu, Haumi Huyo"

Nimesoma dira za maji kwa miaka kumi na moja. Kazi yenyewe ni kuingia nyua za watu, kutafuta kifuniko cha zege kilichofichwa na maua au ndoo, kuinama, kufuta tope kwenye kioo na kuandika namba. Hapo kwenye kuinama ndipo penye kesi: uso unakuwa usawa wa mdomo wa mbwa na mgongo umeuelekeza bandani. Sentensi niliyoisikia kuliko zote katika kazi hii ni hiyo ya kichwa cha somo. Nimeumwa na mbwa mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimehakikishiwa kwamba haumi.

Kwa hiyo msitegemee utaalamu wa mifugo hapa. Haya ya kujikinga na mbwa, na ya kufanya ukishaumwa, ni ya mtu wa getini, pamoja na niliyoelezwa na daktari aliyenichoma sindano na afisa mifugo wa kata aliyekuja kumkagua mbwa. Maswali yenu wanachama wa kundi hili nimeyajibu mwishoni.

Hatua ya 1: Hodi peke yake haitoshi

Hodi ni ya watu. Kwa ajili ya mbwa, gonga geti kwa jiwe mara mbili tatu, halafu nyamaza usikilize. Aliye huru utasikia kucha zake kwenye sakafu na pumzi chini ya geti. Aliyefungwa utasikia mnyororo ukiburuzika. Kukiwa kimya bado usiingie, maana mbwa aliyeshtuliwa usingizini ni mbaya kuliko anayekusubiri. Mwenyeji akitoka akakwambia "amefungwa", usitosheke. "Shikamoo mama, naomba kwanza nimwone alipofungwa." Watakucheka. Cheka nao, ila usivuke.

Na uliza jina. Wanasema mbwa ukimjua jina hakusumbui, na mimi daftari langu lina ukurasa mzima: Simba watano, Bobi watatu, Popi, Tomi, Jeki. Ukimwita "Simba, rudi!" kwa sauti ya bwana wake, mara nyingi anasita kidogo, na huo muda wa kusita ndio unaoutaka.

Kibao cha getini nacho kiheshimu hata kama kimekosewa. Wenzetu wa Nairobi wameandika "Mbwa Kali" miaka nenda rudi. Sarufi inakuuma kabla ya mbwa mwenyewe.

Hatua ya 2: Msome kabla hajafika

Anayebweka huku akija mbele na kurudi nyuma bado mnajadiliana. Wa kuogopa ni aliyenyamaza ghafla: mwili umekakamaa, manyoya ya mgongoni yamesimama, kichwa kimeshuka, macho hayabanduki kwako. Mkia unadanganya watu wengi. Ukiwa umeinuka juu, mkavu kama fimbo, unatikisika haraka haraka, hiyo siyo furaha. Jike anayenyonyesha, mbwa anayekula, na mbwa aliyeshinda kwenye mnyororo tangu alfajiri, hao kaa nao mbali zaidi.

Hatua ya 3: Usikimbie

Najua, miguu inakimbia yenyewe. Lakini hakuna mtu anayemshinda mbwa mbio, na ukimpa mgongo umemwalika. Simama. Mpe ubavu, mikono karibu na mwili, mtazame miguuni badala ya machoni. Toa neno moja kwa sauti nzito: "Rudi!" au "Toka!" Usipige mayowe, sauti nyembamba inampandisha zaidi. Akisita, rudi kinyumenyume polepole mpaka ufikie geti, gari au chochote cha kukaa katikati yenu.

Ujanja wa kuinama kama unaokota jiwe sote tumekua nao, na kwa mbwa koko unafanya kazi, kwa sababu mbwa koko ameshaonja mawe tangu utotoni. Lakini German shepherd aliyelelewa ndani ya fensi hajui jiwe ni nini. Ukimwinamia huyo umempelekea shingo.

Hatua ya 4: Akiruka, mpe kitu cha kuuma

Begi, kikapu, mwavuli, koti, baiskeli, hata kandambili. Siku hizi namba tunaingiza kwenye simu, lakini ubao wangu wa zamani wa kuandikia sijauacha. Una matundu manne ya meno pembeni, na kila tundu ni nyama yangu iliyosalimika.

Akikamata mkono au mguu, usivute. Ukivuta, nyama inachanika kwa nguvu zako mwenyewe. Kaza, sukuma kuelekea kwake, mkono mwingine ulinde koo na uso, uite watu. Ukianguka jikunje kama kobe: magoti tumboni, uso ndani, vidole vimefungamana nyuma ya shingo, kimya. Anayekuja kukuokoa asianze kumtwanga rungu la kichwa, maana mbwa wengi wakipigwa hukaza taya. Ndoo ya maji usoni, au blanketi juu ya kichwa chake, vinasaidia zaidi.

Watoto hawawezi kukariri yote haya. Wangu niliwafundisha mawili tu: ukiwa umesimama, kuwa mti, ukianguka, kuwa jiwe. Tulifanya mazoezi sebuleni, mimi nikiwa mbwa.

Hatua ya 5: Sabuni kwanza

Hapa ndipo watu wanapokufa, kwa hiyo soma taratibu.

Mwaka 2016 nilitafunwa shavu la mguu. Kabla sijainuka majirani walishafika na dawa zao: mmoja majivu, mmoja mafuta ya taa, mzee mmoja akataka wanyoe manyoya ya mbwa huyohuyo, wayachome, wanibandike. Nikakumbuka semina moja ya kazini. Nikaomba kipande cha sabuni ya kufulia, nikaketi chini ya bomba la nyumba ileile na kusugua kidonda kwa dakika kumi na tano za saa. Dira yao ilikuwa mbele yangu, inazunguka. Sijawahi kuangalia dira kwa furaha kama siku ile.

Kirusi cha kichaa cha mbwa kinakaa kwenye mate. Maji yanayotiririka na sabuni vinakipunguza kabla hakijapenya kwenye mishipa ya fahamu. Baada ya hapo ni hospitali, siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kama mkwaruzo wa mwiba. Kidonda kinaweza kupona kabisa ukakisahau, halafu ugonjwa ukaja miezi miwili au mitatu baadaye. Dalili zikishaanza, mtu kuogopa maji na kuweweseka, karibu hakuna anayepona. Ugonjwa huu hukadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka duniani, na Tanzania peke yake takriban 1,500. Na vifo hivi vingeweza kuzuiliwa.

Zile sindano nyingi za tumboni ulizotishiwa na babu zilishaachwa. Sasa huchomwa begani. Siku ya kwanza huhesabiwa sifuri, kisha ya 3 na ya 7. Kuna utaratibu unaoishia hapo na kuna unaoendelea hadi siku ya 14 au 28. Fuata kadi yako, usiruke hata moja. Kama damu imetoka, muulize daktari kuhusu imunoglobulini, dawa inayochomwa kuzunguka kidonda chenyewe, na kuhusu sindano ya pepopunda. Asipokimbilia kushona usimlaumu. Kidonda cha mbwa mara nyingi huachwa wazi kwanza.

Kituo cha kwanza nilichofika hawakuwa na chanjo. Nikaambiwa nirudi Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa. Nilipanda bodaboda kwenda kwingine jioni ileile, na wewe ukiambiwa hivyo panda bodaboda.

Hatua ya 6: Mbwa asiuawe, afungwe

Hasira za mtaa ni kumuua palepale. Mkishamuua mmefukia ushahidi. Afungwe, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Mbwa ambaye mate yake yalikuwa na kirusi siku aliyokuuma huugua au kufa ndani ya siku hizo. Ila usizisubiri ndipo uanze chanjo. Unaanza, huku mbwa akiangaliwa. Akiwa ameshakufa, mwite afisa mifugo, kichwa kipelekwe kupimwa.

Halafu karatasi. Serikali ya mtaa ijue, polisi wakupe PF3, ile fomu yao ya majeruhi, piga picha ya kidonda na ya geti. Ukichelewa wiki moja, utaambiwa uliumwa na mbwa mwingine.

Hatua ya 7: Hii ni ya mwenye mbwa

Mbwa wa 2016 alitoka kwa sababu binti alitumwa dukani akaacha mlango mdogo wa geti haujarudishwa komeo. Mwenye nyumba akasimama barazani na kusema, "Sijui amekuwaje leo." Mbwa hakuwa amekuwaje. Alikuwa mbwa, na mlango ulikuwa wazi. Springi ya kurudisha mlango wenyewe haifiki bei ya nusu debe la mahindi. Huo ndio ugomvi wangu na wafuga mbwa wengi: wana hela ya mbwa, hawana ya komeo.

Kisheria huponi kwa kusema "huwa haumi". Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 233, inamtia hatiani anayezembea kuchukua tahadhari juu ya hatari inayotarajiwa kutoka kwa mnyama aliye naye, kwa namna ya kuhatarisha watu. Kenya ni kifungu cha 243, maneno yanakaribia kuwa yaleyale. Nje ya jinai, aliyeumwa anaweza kukudai gharama zake.

Mchanje kuanzia umri wa miezi mitatu, rudia kila mwaka, cheti ukae nacho. Wengi wanaona chanjo ni mambo ya mbwa wa kizungu. Waangalie Pemba: walichanja mbwa kisiwa kizima, kichaa kikaisha mwaka 2014, mwaka 2016 kikaingia tena, wakarudi kuchanja, na 2018 kikaisha. Ni bomba la sindano tu. Na nyie mnaompa mbwa pilipili na kumfungia gizani ili awe mkali: huyo hawezi kumtofautisha mwizi na mwanao aliyerudi likizo.

Maswali ya wanachama

Kaka, jirani amenionyesha cheti cha chanjo cha mbwa wake. Bado nichome sindano? (Tanga)
Osha, nenda hospitali, peleka na hicho cheti. Angalia tarehe, nimeonyeshwa vyeti vya miaka minne nyuma. Daktari akiona mbwa yuko hai na mzima baada ya siku 10 anaweza kusitisha zilizobaki. Uamuzi huo ni wake, siyo wa jirani.

Mtoto wa mbwa wa miezi miwili kanikwaruza na meno, damu haikutoka. (Dodoma)
Hata kitoto cha mbwa kinaweza kuwa na kichaa. Mkwaruzo bila damu bado unahitaji kuoshwa na chanjo, ila imunoglobulini kwa kawaida haihitajiki. Kama alikulamba tu mahali ngozi ni nzima, nawa uendelee na kazi zako.

Mimi ni bodaboda. Kuna mbwa watatu wananikimbiza kila usiku kona ileile. Niwapige teke? (Morogoro)
Ukiinua mguu umepoteza usawa, na lami inauma kuliko mbwa. Punguza mwendo unapowakaribia, waje kwenye mstari wako, halafu ongeza mafuta uwapite umenyooka. Wao walishapiga hesabu ya mwendo wako wa mwanzo, unakuwa umewaharibia. Na mbwa watatu wa kona moja wana mwenyewe, nenda mchana ukamtafute.

Dada yangu ana mimba ya miezi sita na ameumwa. Wanamwambia asubiri ajifungue. (Kigoma)
Asisubiri hata siku moja. Chanjo hii hupewa wajawazito na wanaonyonyesha. Mpeleke leo, nisome kesho.

Tukiwawekea nyama yenye sumu wale wanaozurura si tutamaliza tatizo? (Mwanza)
Utamuua mbwa wa jirani, paka wako na kuku atakayedonoa matapishi, na kesi juu. Wakiisha wanakuja wengine wasiochanjwa kutoka mtaa wa pili. Bora mkae kikao cha mtaa, mwite afisa mifugo, mchanje wote kwa siku moja. Halmashauri nyingi huchanja karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Mwenye mbwa anasema mwanangu ndiye aliyemchokoza. Nimwache? (Mbagala)
Mama, mtoto wa miaka mitano kuchokoza mbwa ni kitu kinachotarajiwa, kama mvua ya masika. Ndiyo maana fensi zikajengwa. Kama mtoto aliruka ukuta, mazungumzo ni mengine. Kama mbwa alikuwa barabarani, nenda na PF3 yako.

Na yule wa 2016 aliishia wapi? (Kimara)
Siku ya kumi nilikwenda kumwona, nimesimama nje ya geti. Alikuwa anakula ugali na dagaa, mzima wa afya. Anaitwa Tomi, yumo daftarini. Mlango una springi siku hizi. Nikigonga, mzee mwenyewe hupaza sauti kutoka ndani: "Subiri, nimfunge!" Halafu ananionyesha mnyororo.