Kabla ya Kupandikizwa Uboho: Yasiyongoja Mchango Utimie

Mgonjwa wa saratani ya damu akishamaliza kemotherapi nzito na uso ukaanza kunawiri, jamaa huona kupandikiza uboho kunaweza kungoja harambee. Hakungoji. Kwa lukemia kali, yaani saratani ya damu inayokwenda kasi, matokeo huwa mazuri zaidi ugonjwa ukiwa umetulia, yaani chembe za saratani kwenye uboho zimeshuka chini ya asilimia 5, na utulivu huo waweza kuvunjika wakati wowote. Maandalizi yaanze mgonjwa angali kwenye dripu.

Mwulizeni daktari wa damu ni upandikizaji wa aina gani. Mwenye mayeloma, saratani ya chembe za plazma ndani ya uboho, kwa kawaida hurudishiwa seli zake mwenyewe, kwa hiyo hahitaji mtoaji. Mwenye lukemia kali huhitaji za mtu mwingine, na hapo ndipo kipimo cha HLA, yaani cha kulinganisha alama za kinga za seli za mtoaji na za mgonjwa, kinapohitajika. Kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 ya kulingana naye kikamilifu. Kundi la damu silo linaloamua; mwenye O aweza kumpa mwenye B. Akikosekana wa kulingana kikamilifu, mzazi au mtoto anayelingana nusu hufaa pia siku hizi.

Kuna jambo hukosewa kwa nia njema, nalo linaniuma. Damu ikihitajika, wa kwanza kukunja mkono wa shati ni kaka na dada. Wasitoe. Damu yao yaweza kuuzoesha mwili wa mgonjwa kupigana na seli za ukoo huo, na uboho wao ukija kupandikizwa, ukakataliwa. Watoe majirani, wenzake wa kazini, watu wa msikitini au kanisani. Shemeji pia ruhusa.

Wengi wetu huishia India, na safari hiyo ina mtego. Anayetoka Kenya hudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Chanjo ile ina virusi hai, kwa hiyo aliyetoka kwenye kemotherapi hafai kudungwa. Aandikiwe na daktari barua ya kusamehewa, na hospitali anakokwenda ijulishwe kabla tiketi haijakatwa, maana asiye na cheti aweza kuwekwa karantini. Mtoaji na mwuguzaji nao wapangiwe tarehe ya sindano na daktari, wasikimbilie wiki ya safari. Wekeni pia kodi ya nyumba karibu na hospitali kwa takriban siku 100, na mwulizeni SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, mapema, kwa maandishi, italipia nini.

Meno yaangaliwe, kwani jino bovu ni mlango wa maambukizi. Anayetarajia kuzaa, mwanamume au mwanamke, azungumze na daktari juu ya kuhifadhi mbegu au mayai kabla ya dozi kubwa ya mwisho ya kemotherapi, ile inayotangulia kupandikizwa. Aibu isiwazuie, dozi ile yaweza kumaliza uzazi kabisa.

Nyumba ya kurudia itengenezwe angali hospitalini. Unyevu wa Mombasa huotesha kuvu nyuma ya kabati na kwenye dari ya choo, na kuvu hiyo ni hatari kubwa kwa mapafu ya asiye na kinga. Ikwanguliwe, ukuta upakwe rangi, vumbi liishe kabla hajaingia. Kachumbari, maji ya miwa na viazi karai vya barabarani vingoje mpaka daktari aruhusu. Wageni wa kumjulia hali wapokewe barazani, na mwenye mafua aombwe kurudi siku nyingine.

Nunueni kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38 msimpe panadoli mkasubiri kukuche. Mpelekeni usiku huohuo na ripoti ya hospitali mkononi, na wa mapokezi aambiwe mara moja kwamba huyu amepandikizwa uboho, asiwekwe foleni.