Kubuni mtindo wa kupigana na zimwi

Anza na mwili wa zimwi, si ngumi za shujaa wa hadithi yako. Nafundisha judo hapa Buruburu, na kabali nyingi ninazoonyesha hubana mishipa ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo. Zimwi lisilo na shingo utalikaba wapi? Jiulize linapumulia wapi, uzito wake umekaa wapi, linageuka upesi kiasi gani.

Kisha umbali, na hapa usiharakishe. Wawindaji wa nguruwe mwitu huko Ulaya waliweka kipingo, yaani kipande kilichokingama, chini ya ncha ya mkuki, kwa sababu mnyama aliyechomwa huendelea kusukuma mpaka amfikie mwindaji. Wamaasai walimzingira simba kwa kundi, mikuki na ngao za ngozi mkononi. Basi mtindo wako uwe wa wengi: mmoja achokoze, wengine wachome ubavuni. Shujaa wa peke yake mwachie mchoraji wa matatu.

Mazoezi je? Zimwi la kujifunzia halipatikani. Ning'iniza gunia la mchanga, watu wanne walivute kwa kamba kila upande, mwanafunzi akwepe.

Majina ya mapigo yatungwe mwisho kabisa.