Somo: Kufuatilia matukio ya keneli ya Linux, na sehemu ambazo nyaraka zake hupoteza watu

Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Somo hili nina deni nalo tangu msimu wa korosho uliopita, leo nalilipa.

Msimu ule niliitwa kwenye ghala moja upande wa Masasi. Kompyuta ya mizani ilikuwa inaganda. Karani anapima magunia, anabonyeza kuhifadhi, kisha anakaa anasubiri huku wakulima wamejipanga juani na malori yamesimama. Mafundi waliotangulia walishabadilisha RAM na kuweka Linux upya, wapi. Nikafungua nyaraka za keneli (kiini cha Linux kinachosimamia prosesa, diski na programu) zinazoeleza ufuatiliaji wa matukio, faili `Documentation/trace/events.rst`, nikazifuata mstari kwa mstari. Siku mbili nzima nilikuwa nasoma rekodi zisizo kamili bila kujua. Nyaraka hazikusema uongo. Zimebanwa mno: jambo la kumpoteza mtu siku nzima limepewa nusu mstari. Hizo nusu mistari ndizo ninazozifungua hapa.

Mfumo wenyewe unaitwa ftrace. Aliyeuanzisha ni Steven Rostedt, na uliingia kwenye keneli toleo 2.6.27 mwaka 2008. Ndani ya keneli kuna vituo vilivyopandwa sehemu muhimu: prosesa inapohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, diski inapopewa kazi, programu inapoiomba keneli huduma. Kila kituo kichukulie kama karani kwenye mlango wa ghala. Kwa kawaida amelala. Ukimwamsha, anaandika daftarini kila gunia linalopita: limepita saa ngapi, la nani, uzito gani. Shikeni mfano huo, tutaenda nao hadi mwisho.

Hatua ya 1: Ingia kwenye folda

```
sudo -i
cd /sys/kernel/tracing
ls events
```

Maelezo mengi ya zamani yanataja `/sys/kernel/debug/tracing`. Hiyo ndiyo njia ya kale. Tangu toleo 4.1 la mwaka 2015 folda hii ina mfumo wake wa mafaili, kwa hiyo tumia hiyo fupi. Kama iko tupu, andika `mount -t tracefs nodev /sys/kernel/tracing`.

Ndani ya `events` utakuta makundi: `sched`, `block`, `irq`, `kmem`, `syscalls` na mengine. Ndani ya kila kundi kuna matukio, na kila tukio ndilo karani mmoja wa mlangoni.

Hatua ya 2: Amsha tukio

```
echo block:block_rq_issue > set_event
echo block:block_rq_complete >> set_event
```

Tazama alama vizuri. Mstari wa kwanza una `>` moja, wa pili una `>>`. Hapa ndipo nilipopotelea Masasi. `>` moja kwanza inawalaza makarani wote, halafu inamwamsha uliyemtaja. `>>` inamwongeza juu ya walio macho. Mimi niliandika `>` mara zote mbili. Nikabaki na kazi za diski zinazomalizika bila kuona zilipoanza, na nikaanza kuilaumu diski isiyo na kosa. Nyaraka zimelisema hili kwenye kidokezo kimoja kifupi, na jicho linakiruka kirahisi.

Kumlaza mmoja: `echo '!block:block_rq_issue' >> set_event`. Weka alama moja moja za kunukuu, la sivyo bash (programu inayopokea amri zako) itaichukua ile `!` na kuipa maana yake yenyewe. Kuwalaza wote: `echo > set_event`. Kundi zima: `echo 'irq:*' >> set_event`.

Usiamshe kila kitu kwa `'*:*'` kwenye mashine ambayo watu wanaitumia kazini. Nimeona ikifanyika, na mashine iliyokuwa inaganda kidogo ikaganda kabisa.

Hatua ya 3: Hakikisha nani yuko macho

Kila tukio lina faili `enable`, na kila kundi pia. Ukisoma ya kundi, mfano `cat events/block/enable`, utapata herufi moja. `0` ni wote wamelala, `1` ni wote wako macho. `X` ni mchanganyiko: baadhi macho, baadhi wamelala. `?` ni kwamba faili hiyo haina tukio lolote inalolitawala. Wengi wakiona `X` wanadhani ni kosa. Si kosa. Baada ya hatua ya 2, `X` ndiyo unayotakiwa kuiona.

Hatua ya 4: Kichujio

Hii ndiyo sehemu yenye mambo mengi, twende polepole.

Kila tukio lina faili `format` inayoorodhesha sehemu za rekodi yake. Isome kabla ya kuandika kichujio chochote:

```
cat events/block/block_rq_issue/format
```

Utaona `dev`, `sector`, `nr_sector`, `bytes`, `rwbs`, `comm`, na juu yake zile zinazoanza na `common_`, kama `common_pid`. Za `common_` ziko kwenye kila tukio la mfumo mzima. Zilizobaki ni za tukio lenyewe.

Kichujio kinaandikwa hivi:

```
echo 'bytes >= 65536' > events/block/block_rq_issue/filter
```

Kwa namba una `==`, `!=`, `<`, `<=`, `>`, `>=` na `&`. Kwa maneno una `==`, `!=` na `~`, ambayo inakubali nyota, mfano `comm ~ "kworker*"`. Ukikosea kuandika, isome tena faili ile ile ya `filter`: itakuonyesha kosa na alama `^` karibu na ulipoteleza. Kuondoa kichujio: `echo 0 > filter`.

Sasa jambo ambalo nyaraka zinaliacha msomaji alibahatishe. Kichujio kinafanya kazi mlangoni, wakati wa kuandika. Korosho iliyokataliwa mlangoni haiingii ghalani, na huwezi kurudi jioni kuitafuta. Ukiweka kichujio kibaya, hakuna rekodi ya kukuokoa.

Jambo la pili ni kichujio cha kundi zima. Inaruhusiwa kuandika kwenye `events/sched/filter`, na kichujio kinagawiwa kwa matukio yote ya `sched`. Lakini ukiandika `prev_pid == 0`, sehemu hiyo inapatikana kwenye `sched_switch`, wala haimo kwenye `sched_wakeup`. Nyaraka zinasema tukio lisilo na sehemu hiyo hubaki na kichujio chake cha awali. Maana yake ni nzito kuliko sentensi yenyewe: unadhani umechuja kundi zima, kumbe mlango mmoja umechujwa, na mingine ina masharti ya juzi au haina masharti kabisa. Sehemu za `common_` pekee ndizo zenye uhakika wa kufika kila mlango. Ushauri wangu: ukishachuja kundi, pita kila tukio, `cat` faili yake ya `filter`, uamini macho yako.

Ukitaka mchakato mmoja tu, yaani programu moja inayoendeshwa, mara nyingi huhitaji kichujio. Andika namba yake kwenye `set_event_pid`.

Hatua ya 5: Soma

Kuna milango miwili ya kusomea. `trace` ni daftari: unalisoma, maandishi yanabaki. `trace_pipe` ni bomba: ulichosoma kimetoka, hakirudi, na pasipo kipya inasubiri. Ukiwa unatazama moja kwa moja tumia bomba. Ukiwa unachunguza baada ya tukio tumia daftari.

Daftari lina mwisho. Kila prosesa ina bafa yake, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kuandikia rekodi, na ikijaa, rekodi ya zamani kabisa inatolewa kuipisha mpya. Ukubwa uko kwenye `buffer_size_kb`, na ni wa kila prosesa, si jumla. Ukiandika 10240 kwenye mashine ya prosesa nne, umetenga takribani MB 40. Kwenye vikompyuta vya ghalani hiyo si kidogo. Juu ya `trace` kuna mstari `entries-in-buffer/entries-written`. Namba ya pili ikiizidi ya kwanza, jua rekodi zimeshatolewa.

Halafu jina la kushoto la kila mstari. Ni jina la aliyekuwa kwenye prosesa wakati huo, si lazima awe mwenye mzigo. Kwenye matukio ya diski utaona `kworker` mara kwa mara, kibarua wa keneli yenyewe, naye anabeba mizigo ya wengine. Kumlaumu ni kumkamata mchukuzi kwa deni la mwenye gunia.

Nilichokikuta Masasi

Niliwaacha wa diski, nikaamsha wanaoonyesha nani anasubiri, yaani wa `fsync`, ombi la programu kwamba data yake iandikwe diskini:

```
echo syscalls:sys_enter_fsync > set_event
echo syscalls:sys_exit_fsync >> set_event
```

Nikapata mistari ya namna hii, nimeipunguza:

```
mizani-2214 [001]  5120.318402: sys_fsync(fd: 7)
mizani-2214 [001]  5124.006117: sys_fsync -> 0x0
```

Sekunde 3.69 programu imesimama ikisubiri data ifike diskini. Nikawaamsha tena wa `block`, nikasoma `dev`, namba inayotambulisha diski, kwa makini: 8,16. Diski ya ndani ilikuwa 8,0. Ile 8,16 ilikuwa flashi! Mtu aliwahi kuhamishia folda ya data kwenye flashi ili iwe rahisi kuibeba, na skripti nyingine (faili ya amri zinazojiendesha) ilikuwa inanakili mafaili kwenye flashi hiyo hiyo kila baada ya dakika chache. Tukairudisha data kwenye diski ya ndani, flashi ikabaki ya kunakilia tu. Foleni ikaanza kwenda.

Hatua ya 6: Kifyatuo

Kifyatuo ni agizo kwa karani: ukiona hiki, fanya kile. Mfano ninaoutumia sana:

```
echo 'traceoff:1 if error != 0' > events/block/block_rq_complete/trigger
```

Diski ikirudisha kosa kwa mara ya kwanza, uandishi unasimama, na yaliyotokea kabla ya kosa yanabaki kwenye bafa. Bila hivyo yatafunikwa usiku na asubuhi huna kitu. Kuendelea: `echo 1 > tracing_on`. Kukiondoa: `echo '!traceoff' > events/block/block_rq_complete/trigger`.

Sharti linalofuata `if` ni la kifyatuo peke yake, halihusiani na faili ya `filter`. Tena kifyatuo kinafanya kazi hata tukio likiwa limelala: karani haandiki, ila anatazama yanayopita na kupiga kengele. Ukisoma `enable` wakati huo utaona `0*`. Hiyo nyota ndiyo karani anayetazama.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, niko Newala. Naandika `sudo echo 1 > tracing_on` nanyimwa ruhusa, wakati sudo nimeweka.*

Hapo sudo imempa mamlaka `echo`. Anayefungua faili ni shell yako, yaani ile bash, na yeye hana mamlaka. Tumia `echo 1 | sudo tee tracing_on`. Angalizo: kwenye `set_event`, `tee` peke yake ni sawa na `>`. Ukitaka ya kuongeza andika `tee -a`.

*Fundi, `trace` yangu tupu kabisa. Nimeamsha matukio, hakuna hata mstari.*

Angalia kwa mpangilio huu: `tracing_on` iwe 1. `set_event_pid` isiwe na namba ya mchakato uliokufa jana, hili ndilo ninalolikuta mara nyingi. Vichujio visome kimoja kimoja. Mwisho angalia kama kuna dirisha jingine lenye `cat trace_pipe`, maana hilo linanywa kila kinachoingia.

*Shikamoo mwalimu. Mimi mwanafunzi, Lindi mjini. Kwa nini nisiache yote yaandikwe halafu nitafute mistari ninayoitaka kwa amri ya grep?*

Marahaba. Kwa tukio linalotokea mara chache, fanya hivyo, ni salama zaidi kuliko kichujio. Kwa `sched_switch` haifai: bafa itajaa upesi sana, na mstari unaoutafuta utakuwa umeshatolewa kabla grep hajaanza.

*Kaka, naogopa kuiacha kwenye seva ya ofisi hapa Nachingwea. Inakula nguvu kiasi gani?*

Tukio lililolala halina gharama ya kuhisi. Keneli imeweka pale amri isiyofanya kitu, na inaibadilisha pale tu unapoliamsha. Lililoamshwa lina gharama kwa kila linapotokea, kwa hiyo hesabu marudio, si idadi ya matukio. Hayo mawili ya `fsync` unaweza kuyaacha kutwa kwenye seva ya ofisi ya kawaida.

*Programu yangu inazaa michakato mingine, nayo haionekani nikitumia `set_event_pid`.*

Andika `echo 1 > options/event-fork` kabla ya kuianzisha. Watoto wataongezwa wenyewe na wakifa wataondolewa.

*Nikizima mashine, mipangilio inabaki?*

Haibaki. Na ikiwa unachotafuta kinatokea wakati mashine inawaka, weka kwenye mstari wa kuwashia keneli, kupitia GRUB (programu inayoipakia keneli mashine inapowaka): `trace_event=block:block_rq_issue,block:block_rq_complete`. Tenganisha kwa mkato, bila nafasi.

*Dada yenu wa Mikindani. Hizo nusu mistari ulizozisema, haziwezi kurekebishwa kwenye nyaraka zenyewe?*

Zinaweza, dada. Nyaraka ziko ndani ya msimbo wa keneli na zinarekebishwa kama msimbo. Badilisha sentensi, weka `Signed-off-by` yenye jina lako, endesha `scripts/get_maintainer.pl` ikuambie wa kumtumia kwa barua pepe. Mimi naandaa ile ya kichujio cha kundi, na kwanza naijaribu kwenye matoleo mawili ya keneli nione kama msimbo unafanya hasa kile ambacho sentensi inasema. Kama una mashine yenye toleo la zamani, niandikie namba inayotoka kwenye `uname -r`, tuigawane hiyo kazi.