SOMO: Kapu la joto kwa mablanketi kuukuu, na jinsi ya kulitumia kupikia maharage

Swali ni lile lile kila mara: "Maharage yametoka magumu, kapu halifanyi kazi." Kapu linafanya kazi. Kinachokosewa ni hatua ya 5. Nimeandika yote hapa, tafadhali someni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Chakula kikishachemka, moto unaoendelea kuwaka chini yake unafidia tu joto linalopotea hewani. Zuia joto lisipotee, yaani ipua sufuria na uifunike ndani ya kapu lililojazwa mablanketi na matambara, na chakula kitaendelea kuiva chenyewe bila moto.

Mahitaji: kapu la mdomo mpana au boksi gumu, blanketi kuukuu 1 au 2, shuka la pamba lililochakaa, foronya 2, matambara ya kujazia, na sufuria ya lita 4 au 5 yenye mfuniko unaobana. Sufuria ya mkono mrefu haifai, mkono unaacha upenyo.

1. Pima. Sufuria ikikaa katikati ya kapu, ibaki nafasi ya sentimita 10 kila upande na chini pia.

2. Kata matambara vipande vya ukubwa wa kiganja, jaza foronya zote mbili, shona midomo. Moja inakaa chini, nyingine inafunika juu. Ya juu iwe nene zaidi, sentimita 15, na ipite ukingo wa sufuria pande zote.

3. Zungushia blanketi ndani ya kapu, kisha tandika shuka la pamba juu yake. Shuka ndilo linaloshika masizi na mvuke, na ndilo utakalofua.

4. Loweka maharage makavu vikombe 2 usiku kucha. Mwaga maji hayo, weka mapya yapite maharage kwa vidole viwili.

5. Chemsha. Maji yatokote kwa nguvu, mfuniko ukiwa juu, kwa dakika 30 kamili tangu yaanze kutokota. Povu la kwanza si kutokota. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na sumu hiyo inavunjwa na maji yanayotokota, si na joto la kapu. Ukiharakisha hapa utapata chakula kigumu na chenye madhara kwa wakati mmoja. Sufuria nayo ijae angalau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo kina joto kidogo na kinapoa upesi. Ukipikia watu wawili, tumia sufuria ndogo na ongeza matambara pembeni. Dakika zikiisha usifunue kuonja. Ipua, angalia kitako kama kuna kaa la moto lililonasa (likiingia kwenye kapu litaunguza blanketi, na nyumba pia), pangusa, tumbukiza, funika. Kazi hii isizidi dakika moja, kwa hiyo kapu liwe wazi kando ya jiko tangu mwanzo.

6. Acha masaa 3 hadi 4. Usifungue.

7. Rudisha jikoni, chemsha tena dakika 10 pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi, kisha kula. Nyanya zisiingie kabla ya hapa, uchachu wake unafanya ganda la harage likatae kulainika.

Wali ni rahisi zaidi: mchele vikombe 2, maji vikombe 3, tokosha dakika 5, kapuni dakika 45. Maji yanawekwa machache kwa sababu mvuke hauna pa kwenda. Nyama ya vipande vidogo: tokosha dakika 30, kapuni masaa 3, kisha ichemke tena.

MASWALI

Swali: Naweza kuweka usiku nikala kesho mchana?
Jibu: Hapana. Chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu vinaanza kuzaana. Masaa 4, basi.

Swali: Yangu yametoka magumu. Nilichemsha kama dakika 10 hivi.
Jibu: Hatua ya 5.

Swali: Sasa dakika 30 na 10 nyingine, gesi imeokolewa wapi?
Jibu: Maharage makavu kwa moto mtupu yanakula saa moja na nusu, mara nyingi hadi mbili. Hapa ni dakika 40, na humo katikati hukai jikoni kuchungulia maji. Piga hesabu kwanza ndugu yangu.

Swali: Dada, kwa nini husemi tushindilie matambara? Nilidhani yakibana ndiyo joto halitoki.
Jibu: Umeuliza jambo la maana. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi, kitambaa kinaishikilia tu isizunguke. Ukishindilia, unaitoa hewa na joto linapita kwenye kitambaa chenyewe. Foronya ikibonyezwa irudi juu. Sufu ikipatikana ni bora kuliko pamba, hailali bapa upesi hata ikipata unyevu. Ndiyo maana pia baada ya kila pishi uanike kila kitu juani, kwani pamba yenye maji inapoteza joto haraka.

Swali: Nitajuaje langu limetengenezwa vizuri?
Jibu: Jaribu kwa maji matupu. Jaza sufuria, tokosha, weka masaa 4. Ukifunua, mvuke upande na sufuria isishikike kwa mkono mtupu. Ikishikika, chunguza foronya ya juu kwanza, joto jingi linatorokea huko.

Swali: Godoro la sponji la zamani linafaa kujazia?
Jibu: Linafaa, likatwe vipande na lisiguse sufuria. Sponji inaweza kuharibiwa na joto, iwe nyuma ya blanketi.

Swali: Mtindi je?
Jibu: Kapu hili ndilo lenyewe! Chemsha maziwa lita 1, yaache yapoe hadi kidole safi kivumilie ukihesabu mpaka 10. Koroga vijiko 2 vya mtindi usio na sukari, funika, weka kapuni masaa 8 bila kutikisa. Yakiingia ya moto sana chachu inakufa, yakiingia ya baridi hayagandi. Kabla hujatia sukari, chota vijiko 2 uhifadhi kwa maziwa yajayo.