Mashine Ikisema "Ardhi": Kushuka Goma Hatua kwa Hatua

Rubani akizoea Lubumbashi anajisahau. Kiwanja chake, Luano, kiko futi 4,295 juu ya usawa wa bahari, lakini pande zote ni tambarare, na mashine ya kuonya kuhusu ardhi inaweza kukaa kimya wiki nzima. Goma ni habari nyingine. Kiwanja kiko karibu futi 5,090, kusini kuna Ziwa Kivu, kaskazini kuna volkano ya Nyiragongo yenye mita 3,470, yaani zaidi ya futi 11,300. Vita vilipoingia mjini Januari 2025 kiwanja kilifungwa, lakini vijana ninaowafundisha bado nawashusha Goma kwenye simuleta, mashine ya kujifunzia inayoigiza ndege. Sijapata darasa jingine linalowatoa watu jasho upesi hivyo.

Hatua ya 1: Piga hesabu ukiwa bado juu

Kila futi 1,000 za kushuka zinataka takriban maili 3 za baharini. Kutoka futi 20,000 hadi kiwanjani ni kama futi 15,000, kwa hiyo maili 45. Ongeza 10 za kupunguza mwendo.

Halafu kuna hewa. Kwenye mwinuko huu ni nyepesi, kwa hiyo kipimo kikionyesha noti 140 (maili 140 za baharini kwa saa), ndege yenyewe inakwenda zaidi ya 150. Ili ushuke kwa nyuzi 3, zidisha mwendo wa ardhini kwa 5: kule pwani unapata futi 700 kwa dakika, hapa zinapita 750. Aliyezoea 700 anajikuta yuko juu, anasukuma pua chini kufidia, na mashine inaanza kumlalamikia kwamba anashuka kwa kasi mno. Maonyo mengi ninayoyaona darasani huanzia hapo, kwenye hesabu ambayo haikupigwa.

Hatua ya 2: Jua kila altimeta inapima nini

Altimeta ni kipimo cha mwinuko; ile ya kawaida inapima shinikizo la hewa. Ikisoma 10,000 unaona raha, kumbe mdomo wa Nyiragongo uko juu yako kwa zaidi ya futi 1,300. Rekebisha shinikizo kwa namba uliyopewa na mnara wa kuongozea ndege, mwenzako airudie kwa sauti.

Rada-altimeta huamka chini ya futi 2,500, nayo inapima kilicho chini ya tumbo la ndege sasa hivi, si kiwanja. Ukija kutoka ziwani inapima maji. Kiwanja kiko juu ya ziwa kwa karibu mita 90, kwa hiyo usishangae ukivuka ufuko na namba zikaanza kuporomoka.

Hatua ya 3: Weka picha ya ardhi kwenye skrini

Nyekundu ni ardhi iliyo juu yako kwa zaidi ya futi 2,000. Njano inaanzia chini yako kidogo na kupanda hadi hapo. Kijani iko chini zaidi. Rubani mmoja aweke ardhi, mwingine aweke rada ya mvua, maana skrini nyingi hazionyeshi vyote viwili pamoja.

Picha hii inatoka kwenye ramani iliyohifadhiwa, ikiunganishwa na mahali GPS inaposema upo. Ramani ikiwa ya zamani, au GPS ikivurugwa kama inavyotokea karibu na maeneo ya vita, rangi zinaweza kukudanganya. Linganisha na vifaa vingine kabla ya kuziamini.

Hatua ya 4: Kubalianeni nani atasema nini

Hapa nitakaa kidogo.

Nikiwa rubani msaidizi tulikuwa tunashuka kutoka upande wa Masisi, mawingu yamefunika kila kitu. Mashine ikatoa tahadhari. Komanda, yaani rubani mkuu, akacheka: "Mdogo wangu, hii milima nimezaliwa nayo." Nikanyamaza, maana kwetu mdogo hamkatizi mkubwa. Muda mfupi baadaye likaja onyo lenyewe, naye akavuta usukani kuinua pua. Namba ya mwisho niliyoisoma kwenye rada-altimeta kabla haijaanza kupanda ilikuwa 700.

Mwaka 2012, kwenye Mlima Salak huko Indonesia, mashine ilipomwonya, rubani wa ndege ya maonyesho ya Sukhoi aliamini kwamba kasoro ni ya ramani, akaizima mashine. Walikufa watu 45.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kushuka, komanda ndiye anayemwambia msaidizi: "Ukisikia ardhi, sema 'Komanda, vuta'. Nisipovuta, chukua usukani." Ruhusa ikitoka kwa mkubwa mapema, mdogo hana kosa la adabu.

Hatua ya 5: Tofautisha tahadhari na onyo

Tahadhari huja takriban sekunde 60 kabla ya ardhi. Acha kushuka, rekebisha njia. Onyo huja kwenye sekunde 30 hivi, nalo linaamrisha kwa Kiingereza: vuta juu. Usiku au ndani ya wingu halina mjadala. Mchana kweupe, kama ulikuwa umeshaiona ardhi yote kwa macho na una hakika hakuna hatari, taratibu nyingi zinakuruhusu uendelee.

Hatua ya 6: Vuta

Toa otopailoti. Injini nguvu zote. Nyoosha mabawa. Inua pua: kwenye Boeing 737 ni nyuzi 20, kwenye Airbus vuta kijiti hadi mwisho na ukishikilie. Hakikisha breki za hewa, vile vibao vya juu ya mabawa vinavyopunguza mwendo, zimefungwa. Karibu na Cali, Kolombia, Desemba 1995, marubani wa Boeing 757 walivuta kwa nguvu zote lakini breki za hewa zilibaki wazi. Walikufa watu 159. Flapu na magurudumu usiyaguse mpaka umeiacha ardhi. Mwenzako asome rada-altimeta kwa sauti, namba na mwelekeo: "900, inashuka… 1,100, inapanda."

Hatua ya 7: Ukighairi kutua

Ukitua kutoka ziwani uso wako uko kaskazini, na kreta ya Nyiragongo iko kama kilomita 17 mbele. Kwa noti 180 hizo ni dakika 3. Ili uivuke ungehitaji kupanda zaidi ya futi 2,000 kila dakika bila kupumzika, tena mteremko wake unaanza kukufuata mapema. Kwa hiyo utageuka, na upande wa kugeukia unausoma kwenye karatasi ya kiwanja ukiwa bado juu, si ukiwa umeshaanza kupanda.

Mkiwa salama, kaeni juu ya mwinuko wa usalama wa eneo hilo mpaka wote wawili mjue kwa nini mashine ilisema. Jioni andika ripoti, hata kama onyo lilikuwa la uongo. Taja mahali, mwinuko na mwendo, ili fundi aangalie ramani ya mashine kabla ya ndege kuruka asubuhi.