Kabla hamjaita kirikuu: kupunguza makorokoro kwenye nyumba mnayokaa wengi

Kwenye flati yetu ya Sinza tunakaa watatu, na stoo ilijaa kwa sababu kila anayehama anaacha kitu. Feni isiyozunguka. TV ya chogo iliyokosa kazi tangu Dar ilipozima mitambo ya analojia mwisho wa 2012. Masufuria ambayo hakuna anayejua yaliletwa na nani. Siku tulipoamua kuyapunguza tulijua shughuli ni kubeba tu, kumbe kubwa ni kuulizana.

Kwa hiyo kabla hata ya kutafuta magunia, jueni kila kitu ni cha nani. Mwenzetu mmoja alimpa fundi blenda "mbovu" iliyokaa juu ya kabati miezi. Jioni yake mwenye blenda akaingia na jagi jipya, bado liko kwenye boksi. Siku mbili watu walikula kila mtu chumbani kwake. Tangu hapo tunatumia selotepu ya karatasi: bandika jina kwenye chako, na kisicho na jina baada ya wiki mbili kinatoka. Waliokwisha kuhama watumiwe picha WhatsApp na wapewe tarehe, maana ukimwambia mtu "ukipata nafasi njoo uchukue" atakuja mwakani. Vya mwenye nyumba msiviguse hata vikiwa vibovu. Hita iliyoungua ni yake, na siku ya kuhama ataiulizia. Pesa ya vitakavyouzwa nayo isemewe mapema. Sisi tulikubaliana yote iingie kwenye LUKU, ikaisha hivyo bila kesi.

Karatasi ndizo zinazonitia hofu kuliko vyote. Niliwahi kununua karanga za kukaanga kituoni, kikaratasi kilichozifunga kilikuwa hati ya mshahara wa mtu, na jina lake lote na makato yote. Karatasi mnazotupa ndizo hizohizo zinazorudi mtaani kufungia karanga na maandazi. Basi taarifa za benki, kopi za kitambulisho cha taifa na mikataba ya zamani chaneni vipande vidogo, au zilowekeni kwenye ndoo mpaka ziwe uji. Simu za zamani pia: toeni laini na kadi ya kumbukumbu, jiondoeni kwenye akaunti zenu, kisha ndipo mfute kila kitu. Ukisahau akaunti yako, anayeinunua anaweza kukuta simu imejifunga, akarudi kugonga mlango.

Godoro na kochi vikaguliwe kwa tochi kabla hamjamwahidi mtu. Angalieni mishono ya pembeni na chini ya mbao. Vidoa vyeusi kama vya kalamu ni dalili ya kunguni. Kuanika juani peke yake hakutoshi. Mashuka na nguo zinazostahimili zifuliwe kwa maji ya moto, nyuzi 60 hivi, lakini godoro lililokwisha kuingiwa msimpe mtu. Ukimpa umempa kunguni.

Vilivyo vizima vina watu tele, na mara nyingi wako karibu: dada wa kazi, mlinzi, kijana anayeanza maisha chumba kimoja. Ila ulizeni kwanza kama wanakihitaji, tena kwa heshima, na kiwe kimeoshwa. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: getini. Dada akitoka na pasi na mapazia kwenye mfuko, mlinzi ana haki ya kumsimamisha, na jioni maneno yatakuwa mengine kabisa. Mwandikieni kikaratasi chenye orodha ya vitu, tarehe na saini. Dakika mbili tu.

Vibovu visikimbilie kwenye taka. Feni, pasi na redio fundi wa mtaani atazichukua kwa ajili ya spea. Kwa muuza skrepa, tengeni kabla hajafika: pitisheni sumaku. Kinachonasa ni chuma; sufuria za aluminiamu na nyaya za shaba hazinasi, na hizo ndizo zenye bei. Mkivichanganya gunia moja, mtalipwa lote bei ya chuma. Mzani wake ni wake, kwa hiyo pimeni wenyewe kwanza, hata kwa ule mzani wenu wa kupimia uzito wa mwili. Nyaya msizichome ili kupata shaba. Moshi wake ni sumu na utaingia kwa jirani mwenye mtoto.

Friji iende kwa fundi wa friji, mabomba yakiwa hayajakatwa. Gesi ya mafriji ya zamani inaharibu tabaka la ozoni, na ya mengi mapya inashika moto. TV ya chogo msiivunje, kioo chake kina madini ya risasi. Pawabenki iliyovimba itengwe, isitupwe kwenye gari la taka likaishindilia. Dumu lililowahi kubeba dawa ya mende au asidi litobolewe kabla halijatoka, la sivyo kesho litakuwa la maji ya kunywa. Mifuko ya plastiki iliyofichwa chini ya sinki tangu marufuku ya Juni 2019 sina ushauri nayo. Sisi tulikuta kilo nzima.

Mwisho ni kupima mlango na kona za ngazi kabla ya kumpigia mwenye kirikuu. Kochi letu lilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya kwanza, gari linasubiri chini, majirani wanapita kwa kuruka, mpaka seremala alipokuja na bisibisi akafungua miguu minne.